Nyigu Mdogo, Mlinzi wa Muhogo

Watoto, nani kati yenu hajala bukari ya muhogo? Hapa kwetu Kasongo na Kabambare mama zetu huchimba mihogo, huiloweka majini, huianika juani, kisha huitwanga iwe unga. Majani nayo hutwangwa yakapikwa sombe. Hivyo mti mmoja hutulisha mara mbili. Basi adui wa muhogo ni adui wa nyumba nzima. Leo tutasoma habari za adui mmoja mkali, na za askari mdogo aliyemshinda.

Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta Afrika zaidi ya miaka 400 iliyopita, lakini wadudu wake wengi walibaki kule kwao. Kisha, mwaka wa 1973, wakulima wa upande wa Kinshasa na Brazzaville waliona jambo geni. Vichwa vya mihogo vilikuwa vimejikunja kama ngumi. Walipofungua majani yale, walikuta vijidudu vyeupe, kana kwamba vimepakwa unga.

Vijidudu hivyo hufyonza maji ya mti. Vyote ni majike, na kila kimoja hutaga mamia ya mayai bila dume. Wakati wa kiangazi huzidi sana. Upepo ulivipeleka mbali, na watu nao walivibeba bila kujua, pamoja na vipande vya miti ya kupanda. Kwa miaka michache vikaenea katika nchi nyingi za Afrika. Mashamba mengine yalipoteza zaidi ya nusu ya mavuno, na majani ya sombe yakakosekana.

Je, hawakuweza kunyunyiza dawa? Dawa ya kuua wadudu ni ghali kwa mkulima mdogo. Tena ni sumu, na majani yale yale huingia chunguni. Nayo haichagui: huua mdudu mbaya na mdudu mwema pamoja.

Wataalamu wakajiuliza: Kwa nini kule Amerika mdudu huyu haangamizi mihogo? Wakaona kwamba kule lazima awe na adui zake. Huku kwetu alifika peke yake, kama panya aliyeingia ghalani pasipo paka. Basi ilibidi kumtafuta paka wake.

Bwana Hans Herren, mtaalamu wa wadudu kutoka Uswisi, alikuwa akifanya kazi Ibadan, katika nchi ya Nigeria. Yeye na wenzake walitafuta sehemu nyingi za Amerika. Mwaka wa 1981 kijidudu kile kilionekana Paraguay, na pamoja nacho nyigu mdogo sana, ambaye urefu wake haufiki milimita 2. Kwa Kilatini anaitwa Anagyrus lopezi. Hamuumi mtu.

Hawakumwachilia ovyo. Kwanza alipelekwa Uingereza, akafungiwa na kuchunguzwa, asije akaleta madhara mengine. Ndipo akapelekwa Ibadan, na mwaka ule ule wa 1981 akaachiliwa mashambani. Baadaye nyigu hao walifugwa kwa wingi, wakapelekwa katika nchi zaidi ya 20, na Kongo yetu ikiwamo. Wakati ule iliitwa Zaire. Mwaka wa 1995 Bwana Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia.

Nyigu huyu afanyaje kazi yake? Jike hutafuta kijidudu cheupe, hukichoma, na kutaga yai ndani yake. Yai huwa funza. Funza hula kijidudu kutoka ndani mpaka kife na kubaki gamba gumu la kahawia. Kisha nyigu mpya hutoboa tundu katika gamba, akatoka, akaenda kutafuta vingine. Hamalizi vyote, lakini huvipunguza, na muhogo hupata kupumua. Wala mkulima hatoi hata faranga moja.

Katika bustani ya shule pia tunao askari wengi. Kimbawakawa chekundu chenye madoa meusi hula vidukari vya maharagwe. Buibui hunasa nzi na nondo. Chura huwinda wadudu usiku. Kinyonga watu wengi humwogopa na kumpiga mawe, lakini hana sumu, naye hula panzi.

Mwenyezi Mungu alivipa viumbe hivi kazi yao. Basi, mtoto, kabla ya kuinua fimbo, uliza kwanza: Mnyama huyu anakula nini? Ukiua mlinzi, utalazimika kulinda shamba mwenyewe, usiku na mchana.

Maswali
1. Muhogo ulitoka wapi?
2. Kwa nini vijidudu vyeupe viliongezeka sana Afrika kuliko kwao?
3. Toa sababu mbili za kutotumia sumu juu ya mihogo.
4. Kwa nini nyigu alichunguzwa kabla ya kuachiliwa?
5. Taja walinzi watatu wa bustani, na chakula cha kila mmoja.

Kazi ya bustani
Nendeni pamoja na mwalimu kwenye shamba la mihogo. Tafuteni kichwa kilichojikunja, mkifungue polepole. Mkiona gamba la kahawia lenye tundu, huenda nyigu amekwisha kupita hapo. Liacheni mahali pake. Msimu wa kupanda ukifika, chagueni vipande vya miti safi, visivyo na unga mweupe.