Kura Tulishinda, Kikundi Tukakipoteza



Somo la leo nililijifunza kwa gharama. Nikiwa mwenyekiti wa vijana parokiani, tulikuwa na hela kidogo ya mradi. Wengine tulitaka viti vya kukodisha, wengine kuku. Nikaona mjadala unatuchelewesha, nikaitisha kura: viti 14, kuku 11. Basi nikajiona mshindi! Jumapili iliyofuata wale 11 hawakuja kikaoni.

Nikafungua Matendo ya Mitume sura ya 15. Kanisa changa lilikuwa na ugomvi mzito: je, watu wa mataifa wanaoongoka lazima watahiriwe? Walikutana Yerusalemu, wakahojiana sana. Petro akaeleza aliyoyaona. Mkutano ukanyamaza kuwasikiliza Barnaba na Paulo. Ndipo Yakobo akapendekeza: wasitwikwe mzigo, ila waepuke mambo machache yanayowakwaza Wayahudi. Barua yao ikamtaja Roho Mtakatifu kwanza, halafu wao wenyewe.

Mimi nilikosa kile kimya. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 3 ya Kanuni yake, anamtaka abati awaite watawa wote penye jambo kubwa, kwa kuwa mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo bora. Kikaoni kwetu wadogo hata hawakuulizwa.

Kwenye Sinodi iliyohitimishwa Roma Oktoba 2024 walitumia mazungumzo katika Roho. Nasi tunaweza:

1. Kila mmoja aseme, asikatizwe.
2. Kimya na sala. Kisha kila mmoja aseme lililomgusa kutoka kwa wengine, sio kujibu hoja.
3. Kimya tena. Halafu mtafute pamoja: wapi tunakubaliana, wapi bado?

Kura sio dhambi. Hata Sinodi ilipiga kura mwishoni. Ila walianza kwa kusikilizana.

Nilikwenda kuwaomba msamaha mmoja mmoja. Tulipokaa upya ndipo nikasikia hoja yao: viti vina kazi wikiendi tu, kuku wangewapa shughuli ya kila siku wenzetu wasio na ajira. Sikuwahi kuwauliza! Tukapunguza viti, tukajenga banda dogo. Saba wamerudi. Wanne bado nawatafuta.

Tafakari wiki hii: kwenye kikundi chako, nani huwa hasemi? Kabla ya kikao kijacho, mfuate umuulize. Na umsikilize hadi amalize.

Roho Mtakatifu atuongoze. Amina.