Albamu kama Diwani: Usomaji wa Tungo za Watunzi-Waimbaji Huru wa Nairobi

Utangulizi

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hufundishwa mapema kwamba diwani si gunia la mashairi. Anayesoma Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif Abdalla hulisoma kila shairi akijua kuwa limezaliwa gerezani, na kwamba shairi la ukurasa mmoja huangaziwa na la ukurasa mwingine. Hata hivyo, msomaji huyo huyo akifika kwenye wimbo wa gitaa hubadili desturi. Huchukua wimbo mmoja, huunyambua maudhui yake, kisha huutupa. Majirani zake katika albamu hawaulizwi lolote.

Makala haya yanadai kwamba albamu iliyotungwa, kuimbwa na kupangwa na mtu mmoja, nje ya amri ya kampuni kubwa ya santuri, ni diwani kamili. Isiposomwa hivyo, maana yake hupotoka. Mfano mkuu ni Sawa Sawa (2001) ya Eric Wainaina, mtunzi-mwimbaji wa Nairobi ambaye tungo zake za Kiswahili zinajulikana kote nchini, ingawa ni nadra kusomwa pamoja.

Kutoka Santuri hadi Albamu

Ili kuuelewa uhuru wa mtunzi wa leo, ni muhimu kurejelea hali ya waliomtangulia. Katika miaka ya 1950 na 1960 wapiga gitaa kutoka magharibi mwa Kenya walikuza mtindo wa omutibo. Mpigaji alidonoa nyuzi kwa vidole, na mwenzake akaweka mapigo kwa kukwaruza au kugonga chupa ya soda. Bingwa wa mtindo huo, George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alikuwa mwenyeji wa Kisa katika nchi ya Waluhya, lakini aliimba nyimbo zake nyingi kwa Kiswahili. Jambo hili halistaajabishi. Kiswahili ndicho kilichomwezesha mwimbaji wa kijijini kusikika na mhamiaji wa mjini, awe River Road katikati ya jiji au katika vitongoji vya magharibi kama Kangemi na Kawangware, ambako watu wengi wa magharibi mwa Kenya wamefanya makao.

Lakini upande mmoja wa santuri za enzi hizo ulibeba takriban dakika tatu tu. Mtunzi aliingia studio na wimbo au nyimbo mbili, akazirekodi, akaenda zake. Kazi yake ilitoka ikiwa moja moja, kama shairi lililotumwa kwa mhariri wa Mambo Leo au Baraza. Mwaka 2017 baadhi ya tungo za Mukabi zilikusanywa na kutolewa Marekani katika albamu iitwayo Furaha Wenye Gita. Ni kazi ya kushukuriwa, ila si diwani kwa maana inayokusudiwa hapa. Huo ni mkusanyiko, na mkono uliozipanga nyimbo hizo si wa mtunzi.

Kufikia miaka ya 1990 makampuni makubwa ya santuri yalikuwa yamepoteza nguvu zake jijini Nairobi. Pengo hilo lilileta hasara, lakini pia lilimpa mtunzi fursa. Aliyeweza kupata studio na fedha za kurekodi aliamua mwenyewe nyimbo ngapi ziingie, zifuatane vipi na kazi nzima iitweje. Kumbi za katikati ya jiji, kama ule wa Alliance Française, zikawa majukwaa ya watunzi-waimbaji hao katika miaka ya 2000. Kwa hivyo hatua tatu zinajitokeza: santuri ni shairi la gazetini, mkusanyiko ni kazi ya mhariri, na albamu huru ni diwani ya mtunzi.

Nyimbo Mbili, Nafsineni Moja

Sawa Sawa ina nyimbo mbili ambazo takriban kila Mkenya anazijua. Wa kwanza ni "Daima", kiapo cha raia anayejivunia nchi yake na kuukataa ukabila. Wa pili ni "Nchi ya Kitu Kidogo", tashtiti kali dhidi ya hongo. Katika mazungumzo ya kila siku nyimbo hizi huishi mbalimbali kama ndugu waliogombana. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, "Daima" ulichezwa tena na tena redioni na kwenye televisheni ili kutuliza nyoyo. Ule wa pili haukualikwa kwenye shughuli hiyo.

Matokeo yake ni nini? "Daima" ukisikilizwa peke yake huweza kugeuzwa wimbo wa kubembeleza: raia apende nchi, anyamaze. "Nchi ya Kitu Kidogo" nao ukitengwa huweza kupuuzwa kama kejeli ya mtu asiyeipenda nchi yake. Katika albamu, hata hivyo, anayeapa na anayekemea ni nafsineni mmoja. Kiapo ndicho kinachompa haki ya kukemea, na kukemea ndiko kunakothibitisha kwamba kiapo hakikuwa maneno matupu. Mwaka 2011 Wainaina alitoa albamu aliyoiita Love + Protest, yaani upendo na upinzani vikiunganishwa kwa alama ya kujumlisha. Jina hilo laweza kusomwa kama ufafanuzi aliouandika mtunzi mwenyewe juu ya diwani yake ya mwaka 2001.

Ufundi wa lugha katika wimbo wa pili unastahili kutazamwa. Maneno "kitu kidogo" na "chai" ni tafsida za hongo. Kazi ya tafsida ni kufunika aibu, na mtunzi anaifunua kwa kuyarudisha maneno kwenye maana zake za msingi. Anayedai chai anaelekezwa Limuru, kunakokuzwa majani ya chai. Msikilizaji wa Kangemi hucheka mara mbili, kwa kuwa magari ya kwenda Limuru humpita kila siku. Vilevile, udogo wa kitu kinachoombwa unahamishwa hadi kwa anayekiomba, na hatimaye hadi kwa taifa zima. Huu ni uchezeaji wa maneno ambao mhakiki angeusifu bila kusita iwapo angeukuta katika shairi lililochapishwa.

Suala la Arudhi

Huenda mhakiki akapinga kwamba tungo hizi hazina urari wa mizani wala vina, hivyo haziwezi kuitwa ushairi. Mjadala huu si mgeni. Wafuasi wa Amri Abedi na watetezi wa mashairi huru waliujadili kwa miongo kadhaa, naye Ibrahim Noor Shariff katika Tungo Zetu (1988) aliukumbusha umma kuwa utungo wa Kiswahili na uimbaji ni chanda na pete.

Zaidi ya hayo, kukosa arudhi ya Kiswahili si kukosa sheria. Blues, muziki ulioanzia kwa Wamarekani weusi wa kusini mwa Marekani, una ubeti wake maarufu wa mishororo mitatu: wa kwanza husemwa, wa pili huurudia, na wa tatu hujibu. Marudio hutangulia na kuzua swali. Katika tarbia yenye kibwagizo marudio huja mwishoni mwa ubeti na kutoa hukumu. Mtunzi wa gitaa wa Nairobi amerithi pande zote mbili. Inafaa basi mhakiki aulize marudio yamewekwa wapi na yanafanya kazi gani, badala ya kuhesabu mizani na kutangaza kuwa haikutimia.

Hatua za Usomaji

Mwanafunzi anayetaka kuisoma albamu kama diwani anashauriwa kufuata hatua nne. Kwanza, anukuu maneno ya nyimbo zote, pamoja na viitikio na maneno ya kando, kwani albamu nyingi hutoka bila maandishi. Pili, aandike mpangilio wa nyimbo na ajiulize kwa nini huu unafungua na ule unafunga. Tatu, amtambue nafsineni wa kila wimbo na kuchunguza kama anabadilika au ni yule yule. Nne, arudi kwenye sauti na kusikiliza mahali ambapo gitaa linakubaliana na maneno na mahali linapoyapinga. Hatua ya nne isiachwe, kwani wimbo uliobaki karatasini tu ni nusu ya wimbo.

Hitimisho

Hatua hizi haziwezi kusubiri. Kaseti huchakaa, diski hukwaruzika, na usikilizaji wa simu na intaneti umezoea kuzitoa nyimbo moja moja na kuzichanganya. Mpangilio wa mtunzi unavunjika tena, safari hii bila kampuni ya santuri kulaumiwa. Tungo za Mukabi zilingoja zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake ndipo zikakusanywa, tena ng'ambo. Idara za Kiswahili zina wanafunzi, zina vinasa sauti, na baadhi ya watunzi wenyewe wangali hai kuulizwa. Wimbo mmoja wa mtunzi unaweza kutumiwa kumnyamazisha raia. Diwani yake nzima ndiyo inayoonyesha kwamba aliyeipenda nchi yake ndiye huyo huyo aliyeikemea.