Gitaa na Unyevu wa Hewa

Miezi michache iliyopita kijana mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa pili, aliniletea gitaa lake ofisini, Dar es Salaam, huku uso umemsawijika. Alikuwa amelinunua kwa akiba ya miaka miwili, nalo lilikuwa jipya, limetengenezwa ng'ambo kwa mbao halisi. Ndani ya kasha mlikuwamo mrija wa mpira wenye matundu, na ndani ya mrija kipande cha sponji. Karatasi ya maelekezo ilisema: chovya majini, kamua, ning'iniza katika tundu la gitaa, rudia kila wiki. Naye, kwa kuwa ni mtu mwangalifu, alitii. Alitii Machi, akatii Aprili, akatii Mei, masika yote. Siku aliponijia ubao wa mbele ulikuwa umetuna, nyuzi zimeinuka mbali na shingo hata kuzikandamiza ni kazi, na daraja linaloshika nyuzi limeanza kubanduka kwa nyuma kiasi cha kupitisha ncha ya karatasi.

Kijana huyu hakuwa mzembe, na karatasi ile haikuwa ya uongo. Iliandikwa tu kwa ajili ya hewa nyingine. Katika makala haya nakusudia kueleza tofauti hiyo, kwa sababu vyombo vya muziki vya mbao ni ghali kwetu, na vingi huharibika kwa matunzo mema yasiyo ya mahali pake.

Jambo lenyewe si geni kwa watu wetu. Wapiga ngoma huiota ngoma motoni kabla ya kuipiga, kwa sababu ngozi iliyofyonza unyevu wa usiku hulegea. Jahazi lililokaa pwani muda mrefu likishushwa majini huvuja kwanza, kisha mbao zikivimba huziba lenyewe. Na nani asiyeujua mlango unaokwama wakati wa masika, ukalegea wakati wa kiangazi? Gitaa ni mlango huohuo, ila ubao wake wa mbele una unene wa milimita 3 hivi tu, na kwa ndani kwa kawaida haukupakwa vanishi. Kwa hiyo, yale yanayoupata mlango kwa wiki nyingi hulipata gitaa kwa siku chache.

Tuanze na hewa. Hewa hubeba maji katika hali ya mvuke, na kiasi inachoweza kubeba hutegemea joto. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la digrii 0 za Sentigredi hushiba kwa gramu 5 hivi za mvuke. Kwenye digrii 20 hushiba kwa gramu 17. Kwenye digrii 30 kwa gramu 30. Tunaposema kwamba unyevu wa hewa ni asilimia 50, maana yake ni kuwa hewa hiyo imebeba nusu ya mvuke ambao ingeweza kuubeba katika joto lililopo. Ni asilimia hii, wala si hesabu ya gramu, inayoamua kama ubao utafyonza maji au utayatoa.

Sasa na tuichukue hewa ya nje ya mji wa Ulaya ya kaskazini mwezi wa Januari. Ina joto la digrii 0 na imeshiba mvuke. Kila kitu kimelowa. Hewa hiyo ikiingia chumbani na kupashwa joto hadi digrii 20, bila kuongezwa maji yoyote, unyevu wake huwa umeanguka hadi robo moja tu, yaani asilimia 26 hivi. Nje kukiwa na digrii 10 chini ya sifuri, chumbani hubaki asilimia 11, ambao ni ukavu wa jangwa. Hapo ndipo penye asili ya ule mrija wa sponji: si nchi iliyo kavu, ila ni nyumba iliyopashwa moto.

Ama kuhusu ubao, hesabu zake zinajulikana vizuri. Ubao uliokaa muda wa kutosha katika hewa ya asilimia 50 huwa na maji yapatayo asilimia 9 ya uzito wa mti mkavu. Katika hewa ya asilimia 30 hubakiwa na asilimia 6. Katika hewa ya asilimia 80 hufikia asilimia 16. Ubao wa mbele wa magitaa mengi ni wa msprusi, mti wa nchi za baridi wenye kufanana na misonobari. Kwa jinsi unavyopasuliwa kwa ajili ya magitaa, kila maji yake yanapobadilika kwa asilimia moja, upana wake hubadilika kwa takriban sehemu moja na nusu katika elfu. Penye upana wa sentimita 40, basi, ubao ukitoka hewa ya asilimia 50 kwenda ya asilimia 30 hutaka kusinyaa kwa karibu milimita 2. Ukienda hewa ya asilimia 80 hutaka kutanuka kwa milimita 4. Urefu wake, kwa kufuata nyuzinyuzi za mti, haubadiliki kwa kiasi cha kutajwa.

Nimesema "hutaka", na hilo ndilo kiini cha tatizo. Lau ubao ungekuwa huru, milimita 4 zisingemdhuru mtu. Lakini umegandishwa kwa gundi juu ya mataruma, vipande vya mti vilivyolazwa kwa kuukingama kama mataruma ya jahazi. Ubao hutaka kubadili upana, na taruma halibadiliki urefu. Katika ukavu, ubao huvutika kama ngozi iliyowambwa. Hubonyea, nyuzi hushuka na kugusa vyuma vya shingo kwa mlio wa kukwaruza, na hatimaye ubao huchanika kwa kufuata nyuzinyuzi zake, ambako nguvu yake ni ndogo kabisa. Dalili ya mapema, ambayo kila mpigaji anaweza kuitambua, iko shingoni: ncha za vile vyuma huanza kuchoma kiganja. Havikurefuka, ni ubao wa shingo uliosinyaa na kuviacha nje.

Katika unyevu mwingi mambo hugeuka. Ubao hauna pa kutanukia, hivyo hutuna kuelekea nje, ukisaidiwa na nyuzi, maana nyuzi 6 za chuma huvuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 70 hivi. Mti uliolowa hupoteza sehemu ya ukakamavu wake, na gundi, hasa ile ya asili itokanayo na ngozi za wanyama, hulainika. Sauti nayo hufifia kama ya mtu aliyepaliwa. Lile gitaa la mwanafunzi wangu lilikuwa limefika hapo.

Watengenezaji wengi wa magitaa ya mbao halisi huweka karakana zao katika unyevu wa asilimia 45 hadi 50. Hiyo ndiyo hewa ya kuzaliwa ya chombo, na swali la kuuliza ni umbali gani kimehama kutoka hapo, na kwa upande upi. Mimi mwenyewe nilijifunza hili kwa hasara. Nilipokwenda masomoni Ulaya nilichukua gitaa lililotengenezwa na fundi wa hapa Pwani, kwa mbao zilizokaushwa uwanjani kwake, katika hewa ambayo wastani wake hukaribia asilimia 75. Mbao hizo zilikuwa na maji kama asilimia 14. Nililitundika juu ya bomba la kupashia chumba joto, nikidhani nalistiri na baridi! Usiku mmoja nilisikia mlio kama wa kijiti kinachovunjwa. Asubuhi nikaona ufa kutoka darajani hadi mwisho wa ubao. Fundi hakuwa na kosa. Kazi yake ilikuwa sahihi kwa Dar es Salaam, kama vile karatasi ya mwanafunzi ilivyokuwa sahihi kwa chumba changu cha Januari.

Katika mwambao wetu, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Unguja na Dar es Salaam, unyevu wa asubuhi mara nyingi hupita asilimia 85, na alasiri hushuka hadi 60 au 65. Hapa kuongeza maji ndani ya gitaa ni kumwagia maji mtu aliyelowa. Kinachotakiwa ni kuyapunguza: kasha linalofunga vizuri, na ndani yake vifuko vya chembe za silika, ambazo zikishiba hukaushwa kwa moto mdogo na kutumika tena. Udi na fidla za wapigaji wa taarabu ziko chini ya kanuni hiyohiyo. Chumba chenye kiyoyozi ni habari nyingine. Maji yanayodondoka nje ya ukuta kutoka katika mtambo ule yametolewa katika hewa ya chumbani, na unyevu huko ndani unaweza kushuka hadi asilimia 50, kiwango kizuri kabisa. Taabu huja kiyoyozi kinapowashwa mchana na kuzimwa usiku, gitaa likiwa nje ya kasha.

Dodoma hali ni tofauti. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na kuanzia Juni hadi Novemba mvua ni nadra. Alasiri za Septemba na Oktoba unyevu huweza kufika asilimia 40 au chini yake. Huko mrija wa sponji una kazi kwa miezi hiyo, na hata kisanduku cha sabuni kilichotobolewa na kutiwa sponji yenye maji kidogo hutosha. Mvua zikianza Desemba, kiondolewe.

Msomaji asikisie, apime. Vipimaunyevu vidogo vinapatikana madukani, ila vingi hukosea, na njia ya kuvisahihisha ni nyepesi. Tia chumvi ya mezani katika kifuniko cha chupa, idondoshee maji mpaka iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Iweke pamoja na kipimo katika mfuko wa plastiki uliofungwa barabara, uache usiku kucha. Hewa iliyo juu ya chumvi hiyo husimama kwenye asilimia 75. Kipimo kikionyesha 68, basi kimepungukiwa na 7. Asiye na kipimo atumie vipimajoto viwili, kimoja kikiwa kimevishwa pamba yenye maji na kupepewa. Vikisoma digrii 30 na 26, unyevu ni asilimia 73 hivi. Vikisoma 30 na 20, ni kama 40.

Neno moja kwa wenye magitaa ya bei nafuu: mengi yao ni ya plaiwudi, ambayo tabaka zake zimepishanishwa na kuzuiana zisitanuke. Hayo hayahitaji mrija wala vifuko. Yaepushwe na jua tu, hasa ndani ya gari lililofungwa.

Gitaa la mwanafunzi wangu tulililegeza nyuzi, tukalifungia na vifuko vya silika kwa wiki sita. Tumbo lilirudi, ingawa si lote, na daraja likagandishwa upya. Sasa anakwenda Dodoma kwa mafunzo ya vitendo. Nimemrudishia mrija wake, pamoja na kipimo kilichokwisha kusahihishwa kwa chumvi, na sharti kwamba asiutie maji kabla kipimo hakijashuka chini ya 40.