Programu ya Ofisi Nyumbani: Usizime Kinga ya Kompyuta Yako

Kijitabu cha elimu kwa umma kwa wakazi wa Dodoma na wilaya zake

1. Kwa nini tumekuandikia

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma yake rasmi kwa Office 2016 na Office 2019. Siku hiyohiyo Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida. Programu hizi hazikuzimika, na ukizibonyeza zitafunguka kama zamani. Tatizo ni kwamba tundu jipya likigunduliwa ndani ya Office hizo, hakuna tena uhakika kwamba litazibwa.

Tangu hapo maswali yamekuwa mengi, na malalamiko yamefuata. Mtu anapeleka laptopu kwa fundi ili apigiwe Window, anarudi nayo ikiwa na Office "ya bure", kisha baada ya muda faili zake hazifunguki. Ofisi yetu haiwezi kukaa kimya.

Tunajua bei inauma. Nchini Marekani, Microsoft 365 ya mtu mmoja ilipanda Januari 2025 kutoka dola 69.99 hadi dola 99.99 kwa mwaka. Mwalimu wa Bahi au mkulima wa zabibu wa Hombolo ana haki ya kutafuta unafuu. Hatukulaumu kwa hilo. Tunakukataza njia moja tu ya kuutafuta.

2. Onyo kuu

Njia hiyo ni kraki, yaani kiprogramu kinachoidanganya Office ya kulipia iamini kwamba imelipiwa. Ili kifanye kazi, fundi huzima kwanza antivairasi. Atakwambia, "Hii inasumbua tu, nitaiwasha baadaye." Sikiliza vizuri maneno hayo, kwa sababu hapo ndipo mlango unapofunguliwa. Anayezima mlinzi wa geti hawezi kujua ni wangapi wameingia.

Mwaka 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ya Marekani ilieleza jinsi nakala bandia za KMSPico, kraki inayojulikana sana, zilivyobeba programu ya wizi iitwayo Cryptbot. Aliyeiweka alipata Office yake kama alivyotaka. Wakati huohuo nywila alizohifadhi kwenye kivinjari zilichukuliwa, naye hakuona dalili yoyote.

Kuna ubaya mwingine, unaoonekana kwa macho. Kirusi kiitwacho STOP, au Djvu, kimesambaa kwa miaka mingi kupitia kraki. Chukua mfano wa katibu wa VICOBA anayeweka hesabu za hisa na mikopo kwenye laptopu yake. Anawasha asubuhi, anakuta kila faili limeongezewa herufi ngeni mwishoni mwa jina, na daftari la kikundi halifunguki. Pembeni kuna faili jipya liitwalo _readme.txt. Ndani yake anadaiwa dola 980, na anaambiwa akiwahi ndani ya saa 72 atalipa nusu. Wanachama wanakutana kesho. Atawaambia nini?

Kumbuka: programu halali haikuombi uzime kinga. Ukiambiwa uizime, simamisha kazi na uchukue laptopu yako.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na muziki. Usijidanganye kwamba hiyo ni kesi ya fundi peke yake.

3. Unafuu halali upo

Programu tunayoitaja kwanza ni LibreOffice. Ina Writer ya kuandikia barua, Calc ya hesabu na majedwali, na Impress ya kuandaa mada za kuonyesha ukutani. Inasimamiwa na The Document Foundation ya Ujerumani, na chimbuko lake ni OpenOffice, ambayo LibreOffice ilijitenga nayo mwaka 2010. Watanzania si wageni katika ukoo huu: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, iliyozungumza Kiswahili kwenye menyu zake.

Wala si programu ya wanyonge. Mwaka 2024 serikali ya jimbo la Schleswig-Holstein nchini Ujerumani ilitangaza kuhamishia LibreOffice kompyuta zake zipatazo 30,000.

Zipo nyingine: ONLYOFFICE, Google Docs, na Word ya Microsoft yenyewe inayotumika bure ndani ya kivinjari. Hizi mbili za mwisho zinahitaji akaunti, na kwa matumizi ya kawaida zinahitaji bando. Mahali ambapo mtandao unakatika, LibreOffice ndiyo inayokufaa, maana ikishawekwa haihitaji intaneti.

4. Utaratibu. Usiruke hatua

*Kwanza, nakili faili zako.* Hamishia kazi zako zote kwenye flashi, uichomoe na kuiweka kando. Flashi iliyobaki imechomekwa inaweza kuambukizwa pamoja na kompyuta.

*Pili, pakua kutoka chanzo chenyewe.* Andika libreoffice.org kwa mkono wako. Usibonyeze tangazo, na usipokee kiungo kilichotumwa kwenye kundi la WhatsApp. Faili la Windows lina ukubwa wa karibu MB 350.

*Tatu, kama bando ni tatizo, changieni.* Leseni inaruhusu kunakili, kwa hiyo mmoja akipakua, majirani wote wanaweza kuchukua kwa flashi bila kosa.

*Nne, kagua sahihi.* Hatua hii ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Properties", kisha "Digital Signatures". Jina unalotakiwa kuliona ni The Document Foundation. Likiwa jina jingine, au sehemu hiyo isipokuwepo kabisa, futa faili hilo. Usilijaribu "kuona tu".

*Tano, weka programu huku kinga ikiwa imewashwa.* Hakuna hatua yoyote inayohitaji kuizima. Hakuna.

*Sita, tuma kazi kwa namna inayosomeka.* Anayetaka kuendelea kuihariri mtumie katika muundo wa Word, wenye mwisho wa .docx. Barua ya kuchapishwa steshenari au vyeti vya kupandisha kwenye Ajira Portal vigeuze kuwa PDF. LibreOffice ina kitufe cha kufanya hivyo, na jedwali la CV yako halitahama kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine.

5. Nani anaruhusiwa

LibreOffice ni ya kila mtu: nyumbani, shuleni, dukani. ONLYOFFICE ya kompyuta nayo ni bure. Programu nyingine husema "bure kwa matumizi binafsi" tu, hivyo soma masharti yake kabla ya kuzipeleka kwenye biashara.

6. Kuhusu malipo ya fundi

Mlipe fundi kwa ufundi wake, muda wake na bando lake. Hiyo ni haki yake. Lakini akikutoza fedha ya "leseni ya LibreOffice", amekudanganya, kwa sababu leseni hiyo haiuzwi. Kaa pembeni yake anapofanya kazi, na macho yako yawe kwenye skrini.

Ofisi yetu inajivunia kuwa mstari wa mbele kutoa elimu hii kwa lugha inayoeleweka. Lakini kijitabu hakiwezi kukaa nawe pale kwenye meza ya fundi. Pale utakuwa peke yako, naye atanyoosha mkono kuelekea kitufe cha kuzima antivairasi. Mzuie kabla hajakibonyeza, maana akishakibonyeza hakuna ofisi itakayokurudishia hesabu za kikundi chako.

Programu halali haikuombi uzime kinga.