Mtoto Anapochora Ukutani



Mwezi huu tuanze na ukuta.

Huko Mkwiro, upande wa mashariki wa Kisiwa cha Wasini, kuna familia ya Kikatoliki iliyotoka bara kwa ajili ya kazi, ikapanga nyumba kijijini. Jioni moja bwana alirudi akakuta mtoto wao wa miaka miwili na nusu amechora kwa makaa ukuta uliopakwa chokaa juzi tu. Akamchapa mkono. Mama alinyamaza. Lakini tangu siku iliyofuata akawa anamwacha mtoto achore, kisha anafuta ukuta kabla baba hajarudi. Siku moja hakuwahi kufuta. Usiku huo ugomvi haukuwa wa makaa tena, bali wa nani anamficha nani ndani ya nyumba yao.

Nilipowatembelea, kila mmoja alitaka nimwambie mwenzake kwamba amekosa. Sikuweza. Bwana ana haki: nyumba ni ya watu, na kisiwani hakuna mto, maji matamu ni ya kuhifadhi, si ya kuoshea kuta kila siku. Mama naye aliona kitu ambacho bwana hakukiona, ila alikitetea kwa njia ya siri.

Alichokiona ni hiki. Mtoto mdogo anayechora hafanyi utundu. Anafanya kazi. Mkono wa mtoto hukomaa kutoka juu kwenda chini: kwanza bega, kisha kiwiko, kisha kifundo cha mkono, mwisho vidole. Ndiyo maana mtoto wa mwaka mmoja na nusu hushika kaa kwa ngumi na kuburura mistari mirefu kwa mkono mzima. Akikaribia miaka mitatu mistari huanza kuzunguka, mpaka siku moja anafunga duara. Karibu na miaka minne duara hilo hupata macho na miguu inayotoka moja kwa moja kichwani, bila tumbo, naye anakuambia, "Huyu ni baba." Usicheke. Ameweza kukubeba akilini na kukuweka chini kwa alama, na uwezo huo huo ndio atakaoutumia kusoma na kuandika.

Maria Montessori, daktari Mkatoliki wa Italia aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, hakuanza kwa kumpa mtoto kalamu na kumwambia aandike. Alimpa kwanza kazi za mikono, kisha akampitisha vidole juu ya herufi zilizokatwa kwa karatasi ya msasa. Na hapa pwani jirani zetu Waislamu wametuonyesha njia. Chekechea za madrasa zilizoanza Mombasa miaka ya 1980, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, ziliwafundisha walimu kutengeneza vifaa vya watoto kwa vitu vya kwetu: vifuu, mbegu, vizibo vya soda. Kwa hiyo asiwepo mzazi wa kusema hana pesa za rangi.

Lakini wengi husema, "Shule itamfundisha." Darasa la awali, PP1, humpokea mtoto akiwa na miaka minne. Miaka ile ya kwanza ni ya nani? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristo, unasema wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Ni wazazi, baba na mama. Siyo mama peke yake wakati baba yuko kazini.

Basi mpeni mahali. Mchanga uliolowa mlangoni unatosha, na kijiti au kidole. (Bwana wetu mwenyewe aliinama akaandika kwa kidole chini, Yn 8:6, wala hatukuambiwa aliandika nini.) Unga kidogo uliokandwa kwa maji na chumvi humfunza kufinyanga, msiuache akaula, maana chumvi nyingi humdhuru. Mama akisuka ukili, ampe mtoto vipande vya majani avipitishe juu na chini, lakini rangi ya kutilia majani iwekwe mbali naye. Simbi ndogo na mbegu zisipewe aliye chini ya miaka mitatu, kwa kuwa kila kitu hukipeleka mdomoni na zinaweza kumkaba. Mawe ya betri yasiguswe kabisa.

Akikuletea alichochora, usiulize, "Hii ni nini?" kana kwamba amefanya mtihani. Mwambie, "Nieleze." Wala usimshike mkono kumsahihishia.

Yule bwana wa Mkwiro alipata ubao wa mashua kuukuu, akaulaza kibarazani. Wakakubaliana, mtoto akiwa amelala: makaa ni ya ubao, ukuta ni wa mwenye nyumba, na atakayemwona akichora ukutani, awe baba au mama, atamwongoza mkono kwenye ubao bila kumchapa. Mara mbili alirudia ukuta. Mara ya pili baba ndiye aliyemwongoza, na mama hakufuta chochote.

Jioni moja, watoto wakiisha kulala, zungumzeni ninyi wawili:

Je, kuna jambo ambalo mtoto wetu huruhusiwa na mmoja wetu na kukatazwa na mwingine?

Je, kuna ninachomficha mwenzangu kuhusu mtoto, nikiogopa hasira yake?

Mara ya mwisho baba kukaa chini mchangani pamoja na mtoto ilikuwa lini?