Je, Papa Viktori alikuwa Mwafrika kweli?

*Padre, mwanangu anajiandaa kwa Kipaimara na amechagua jina Viktori, kwa heshima ya Papa Mwafrika. Jirani anasema hiyo ni hadithi ya kujifariji tu. Nimwambie nini kijana? Mama, Madale.*

Mama, kama unahofia mtoto asije akabeba jina la kubuni, ondoa shaka. Viktori wa Kwanza aliliongoza Kanisa la Roma tangu mwaka 189 hivi hadi 199, na orodha ya kale ya mapapa inamtaja kuwa Mwafrika. Ubishi unatokana na neno lenyewe: enzi hizo Afrika ilikuwa jimbo la Warumi huko kaskazini, Tunisia ya leo na jirani zake, si bara zima.

Mweleze pia habari ya Pasaka. Viktori alitaka iadhimishwe Jumapili. Wakristo wa Asia Ndogo walifuata tarehe 14 ya Nisani, mwezi wa kalenda ya Kiyahudi, iangukie siku yoyote. Akataka kuwatenga, Ireneo wa Lyon akamsihi apunguze ukali. Hapo mimi niko na Ireneo.

Mpelekee katekista jina hilo mapema. Sikukuu ya Viktori ni 28 Julai. Jirani akiendelea kubisha, nendeni naye kwa paroko.