Dondoo muhimu: Mtoto hasikii vizuri? Iangalie na pua yake

Msimu wa kupukuchua mahindi ukifika eneo la Ndalu, vumbi la magunzi hujaa uani, na mtoto mwenye aleji hupiga chafya, hujisugua pua na kulala mdomo wazi. Wazazi wengi husema ni mafua tu. Lakini nyuma ya pua kuna mrija mwembamba unaopeleka hewa kwenye sikio la kati, na wa mtoto ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima. Pua ikivimba, mrija huziba, majimaji hukusanyika nyuma ya ngoma ya sikio, na usikivu hupungua bila maumivu wala usaha. Ndipo anayeitwa mara tatu asiitike huambiwa ana kiburi.

Utauliza: mbona wengi wana aleji na masikio yao ni mazima? Kweli, mafua ya kawaida na moshi wa kuni huchangia pia, na wataalamu bado wanabishania uzito wa aleji. Tena dawa za aleji hutuliza pua, haziondoi majimaji sikioni, ambayo mara nyingi huisha yenyewe ndani ya miezi 3. Kwa hiyo usikimbilie kununua antibiotiki dukani. Mweke mtoto mbali na mashine inapopukuchua, pikia penye hewa, na usimtie mafuta ya moto wala kijiti sikioni. Usaha ukitoka, mpeleke kituo cha afya mara moja. Na usikivu usiporudi baada ya miezi 3, omba apimwe masikio na pua pamoja.